Selimundu ipo "ili" itukinge na malaria?

SWALI: Mimi ni mwalimu wa biolojia, kidato cha nne, Kanda ya Ziwa. Wiki iliyopita nilikuwa kwenye mada ya urithi, nikafika kwenye selimundu. Nikasema kama nilivyofundishwa: jeni hii imeenea huku kwetu ili iwakinge watu na malaria. Binti mmoja, ambaye darasa zima linajua ana sikoseli, yaani ugonjwa wenyewe wa selimundu, akanyoosha mkono: "Mwalimu, kama ipo ili inikinge, mbona mimi inaniumiza?" Nilibabaika. Tangu siku hiyo najiuliza kama neno "ili" lina nafasi yoyote kwenye somo la sayansi. Niliache kabisa? Na je, malaria ikiisha, selimundu nayo itaisha?

JIBU: Mwalimu, binti huyo amegusa jambo ambalo wanafalsafa wa biolojia wamelibishania kwa zaidi ya miaka 60, na amelifikia kwa njia fupi kuliko wengi wao. Nianze na jibu lenyewe. Usiliache neno "ili", ila usilitumie kwa ugonjwa wake. Ugonjwa wa selimundu haupo ili ufanye chochote. Hauna kazi. Kila mtu hupata jeni mbili, moja kwa kila mzazi: A ni ya kawaida, S ni ya selimundu. Mwenye AA hana S, mwenye SS ndiye anayeugua. Kinachokinga ni kubeba jeni moja ya S, yaani hali tunayoiandika AS, na hata hapo "ili" ni kifupisho cha habari ndefu ya watoto waliokufa na watoto waliopona. Hakuna aliyepanga.

Kinachotusumbua kwanza ni lugha. Tunafundisha kwa Kiingereza, lakini maswali ya kweli huja kwa Kiswahili, na katika Kiswahili "ili" hudai mwenye nia. Ukisema Juma amechimba kisima ili apate maji, umeshamwekea Juma wazo kichwani kabla jembe halijagusa ardhi. Maji yatakayopatikana kesho hayawezi kumtoa Juma kitandani leo. Kinachomtoa ni wazo lake la maji, na wazo hilo lilitangulia. Sasa sema twiga ana shingo ndefu ili afikie majani ya juu. Hapo wazo liko kichwani mwa nani? Mwaka 1802 kasisi Mwingereza William Paley alijibu kwamba liko kwa Muumba: ukiokota saa nyikani, utajua yuko fundi aliyeiunda. Mwaka 1859 Darwin akaonyesha njia ambayo viungo vinaweza kuoana na mazingira bila fundi kuingizwa kwenye maelezo. (Imani ya mtu ni jambo lake, hapa nazungumzia maelezo ya somo la biolojia.) Tangu hapo wanabiolojia wamebaki na lugha ya fundi, na fundi mwenyewe hayumo.

Wapo walioamua kulipiga marufuku. Mimi mwenyewe nilipokuwa mwanafunzi nilikatwa alama mbili kwa kuandika "ili" kwenye mtihani, na mpaka leo naona nilionewa. Ukilifuta, kuna jambo la kweli linapotea nalo. Chukua moyo. Moyo husukuma damu. Moyo pia hutoa sauti: du-dup, du-dup. Mwanafalsafa Carl Hempel aliuliza mwaka 1959 kwa nini tunasema moyo upo ili usukume damu na hatusemi upo ili utoe sauti, maana yote mawili unayafanya, tena kila sekunde. Usinijibu kwamba sauti haina msaada. Daktari huweka kipimo chake kifuani, akasikiliza, na kwa sauti hiyo watu wameokolewa. Kiswahili kimetupa maneno mawili, tuyatumie: sauti ya moyo ina faida, lakini kusukuma damu ndiyo kazi yake. Faida inaweza kuwa ya bahati tu.

Kazi na faida vinatenganishwa na nini? Jibu ninaloliona kuwa bora lilitolewa na mwanafalsafa Larry Wright mwaka 1973. Kwa maneno yangu: kazi ya kitu ni lile jambo ambalo kitu hicho hulifanya, na ambalo ndilo sababu ya kitu hicho kuwepo. Moyo upo kwa sababu unasukuma damu. Haupo kwa sababu unatoa sauti. Hapo "ili" imegeuka kuwa "kwa sababu" bila kupoteza kitu.

Utasema: lakini moyo wangu ulianza kuumbika kabla haujasukuma hata tone moja, utakuwaje umesababishwa na kusukuma? Ni kweli, moyo wako haukusababishwa na kazi ya moyo wako. Ulisababishwa na kazi ya mioyo ya mababu. Walikuwepo viumbe wa kale waliotofautiana kidogo katika kusukuma damu. Waliosukuma vizuri zaidi waliishi na kuzaa zaidi. Wewe umetokana na hao. Ruth Millikan mwaka 1984 na Karen Neander mwaka 1991 ndio waliolisimamisha wazo hili kwa nguvu: kazi ya kiungo ni kile ambacho viungo vya aina hiyo vilifanya huko nyuma hadi vikateuliwa, yaani wenye navyo wakaishi na kuzaa zaidi. Ukitamka "ili" darasani, unazungumzia waliokwisha kufa.

Haitoshi kitu kudumu kwa sababu ya kile kinachofanya. Christopher Boorse alimkejeli Wright mwaka 1976 kwa mfano huu: mpira wa gesi kwenye maabara umetoboka. Mwanasayansi anakwenda kuuziba, gesi inamlevya, anaanguka. Tundu linabaki wazi kwa sababu linamwangusha anayetaka kuliziba. Je, hiyo ndiyo kazi ya tundu? Hapana, kila mtu anacheka. Tundu halizai matundu, wala halikushindana na matundu mengine. Bila kurithishana na bila ushindani kati ya wenye kitu na wasio nacho, hakuna kazi. Shika hilo, tutalihitaji kwa selimundu.

Habari yenyewe ya selimundu ni ya huku kwetu kabisa. Anthony Allison alizaliwa Afrika Kusini na kukulia Kenya, kisha akaenda Oxford. Mwaka 1949 alirudi na msafara wa utafiti, akapima damu za watu wa makabila mengi ya Kenya. Aliyoyaona yalimshangaza: Pwani na kando ya Ziwa Victoria, wenye jeni ya S walizidi asilimia 20 katika baadhi ya jamii, lakini kwenye nyanda za juu, ambako ni baridi, hawakufika asilimia 1. Lugha haikuelezea tofauti hiyo, wala ukoo. Mbu alielezea. Lakini ramani peke yake si ushahidi, na Allison alilijua hilo. Akapima watoto 290 wa Kiganda karibu na Kampala. Kati ya 43 waliokuwa na AS, 12 walikutwa na vimelea vya malaria, yaani asilimia 28. Kati ya 247 wasio nayo walikuwa 113, karibu asilimia 46. Kisha akafanya jaribio ambalo kamati ya maadili ya leo isingelipitisha: wanaume 30 wa Kiluo waliojitolea, 15 wenye AS na 15 wasio nayo, waliambukizwa malaria kwa makusudi. Katika wasio nayo, 14 walipata vimelea. Katika wenye AS, wawili. Alichapisha matokeo yake mwaka 1954.

Huko nyuma kabisa, kilichobadilika ni kitu kidogo mno. Katika mnyororo wa beta wa himoglobini, protini inayobeba oksijeni kwenye damu, nafasi ya sita, asidi amino iitwayo valini imekaa pahali pa nyingine, asidi ya glutamiki. Basi. Oksijeni ikipungua, himoglobini za aina hiyo hushikamana na kuwa nyuzi, na seli nyekundu hujikunja kama mundu. Kwa mwenye SS hilo hutokea kwa wingi, seli huziba mishipa midogo, na ndiyo maumivu anayoyajua mwanafunzi wako. Kwa mwenye AS kwa kawaida hali ni shwari, ila kimelea kikiingia ndani ya seli yake hakistawi vizuri, na seli iliyoambukizwa huondolewa mapema na bandama. Kinga hiyo hupunguza hasa malaria kali. Haimfanyi mtu kuwa chuma. Na mwenye SS asije akadhani naye amekingwa: malaria kwake ni hatari kubwa, kwa hiyo chandarua na dawa za kinga alizoelekezwa kliniki asiziache. Mwambie hilo kabla ya falsafa yote.

Sasa nenda ubaoni. Chukua kijiji cha kufikirika ambako watoto 1,000 wanazaliwa. Tuseme malaria inaua 15 katika kila watoto 100 wenye AA, inawaacha wenye AS, na wenye SS wote wanakufa wadogo, kama ilivyokuwa kabla ya tiba. S ikiwa bado adimu, karibu kila anayeibeba anaibeba moja tu, kwa hiyo anapata kinga bila gharama, na jeni inaenea. Kadiri inavyoenea, S inaanza kukutana na S nyumbani. Wazazi wawili wenye AS, kila wanapopata mtoto, uwezekano wa SS ni mmoja katika minne. Gharama inapanda hadi inazuia faida. Kwa tarakimu hizi mizani inatulia S ikiwa asilimia 13 ya jeni zote za mahali hapo. Piga hesabu: watoto 756 ni AA, 227 ni AS, 17 ni SS. Malaria itachukua 113 kati ya wale wa AA, selimundu itachukua 17. Jumla 130. Kama S isingekuwepo, wote 1,000 wangekuwa AA na malaria ingechukua 150.

Wanafunzi watafurahia hesabu hiyo, ila simama nayo kidogo, maana ndipo wengi wanapoteleza. Watasema: "Ahaa, kwa hiyo kijiji kiliwatoa 17 ili kiokoe wengine." Hakuna aliyetoa mtu. Kijiji hakikukaa kikao. S haikuenea kwa kuwa kijiji kilinufaika. Ilienea kwa kuwa, kila kizazi, mtoto mwenye AS alikuwa na nafasi kubwa zaidi ya kufikia umri wa kuzaa kuliko ndugu yake mwenye AA. Zile roho 20 zilizookolewa (150 kutoa 130) zimetokea tu, hazikulengwa. George Williams aliwakemea wanabiolojia wenzake kuhusu kosa hili katika kitabu chake cha mwaka 1966, kwa sababu ilikuwa desturi kusema kiumbe hufanya hivi au vile "kwa manufaa ya spishi".

Na wale 17? Umewahi kumwona mama akipeta mchele. Anarusha, anadaka, makapi yanapeperuka na kuanguka chini. Ukitazama chini ya ungo utaona rundo la rangi ya kahawia. Rangi ya kahawia imetolewa kwenye mchele, ni kweli, lakini ungo haukuchagua rangi. Makapi yameruka kwa sababu ni mepesi. Rangi imefuatana na wepesi. Elliott Sober aliuweka utofauti huu wazi mwaka 1984, yeye kwa mfano wa mipira ya kuchezea ya ukubwa na rangi mbalimbali: lipo jambo ambalo kwa ajili yake uteuzi umefanyika, na yapo yaliyofuatana nalo. Kwa S, kilichoieneza Pwani na Ziwani ni kinga ya mwenye AS. Maumivu ya mwenye SS yamefuatana nayo, kama rangi ya makapi. Hayana kazi, na hakuna "ili" inayoyahusu.

Je, basi niseme "kazi ya jeni ya S ni kukinga na malaria"? Kwa kipimo cha Wright, pamoja na masharti tuliyoyapata kwenye tundu, inapita: inarithiwa, ilishindana na A, imebaki kwa sababu inakinga. Tundu la mpira wa gesi lilikosa hayo mawili ya kwanza. Hata hivyo mimi husita, na naona kusita kwangu kuna msingi. Tukisema "kazi" tunafikiria kitu kilichonolewa hatua kwa hatua hadi kikafaa, kama jicho. S ni hatua moja tu, herufi moja iliyonakiliwa vibaya, na hali inayokinga hairithishwi nzima: AS wawili hawawezi kuhakikisha mtoto AS. Nasema "imeenea kwa sababu inakinga", naacha "kazi" kwa himoglobini yenyewe, ambayo ni kubeba oksijeni. Mwenzangu mwingine atakubishia hapa, na si mjinga.

Kuna maana nyingine ya "kazi" ambayo lazima uitenge, la sivyo darasa litachanganyikiwa. Mwaka 1628 daktari Mwingereza William Harvey alieleza kwamba moyo unasukuma damu na damu inazunguka mwilini. Darwin alikuwa hajazaliwa, wala babu zake. Harvey hakuhitaji historia ya mageuko. Alitazama mfumo na kuuliza kila sehemu inachangia nini. Robert Cummins, mwaka 1975, alisema hiyo ndiyo maana halisi ya kazi: mchango wa sehemu katika uwezo wa mfumo mzima. Daktari akisema bandama huchuja seli zilizochakaa, anasema kwa Kicummins. Hasemi kwa nini bandama ipo duniani. Wanafalsafa walitumia miaka mingi wakigombania ipi ndiyo maana sahihi. Kwangu ugomvi huo hauna tija kubwa: yale ni maswali mawili, "inafanya nini humu?" na "imefikaje kuwepo?" Mwanabiolojia Ernst Mayr alishawaambia hivyo mwaka 1961, na Niko Tinbergen mwaka 1963 akayafanya maswali kuwa manne.

Ila swali la pili lina mtego wake, nao ni utamu wa hadithi. Ukiruhusu "ili" bila masharti, mwanafunzi mwerevu atakutungia "ili" ya kila kitu: pua ipo ili ishike miwani. Wanabiolojia Stephen Jay Gould na Richard Lewontin waliandika mwaka 1979 dhidi ya tabia hiyo, wakianzia na kanisa la Mtakatifu Marko kule Venice. Kati ya matao yake kuna nafasi za pembetatu zilizopambwa kwa picha nzuri, hadi ungedhani jengo lilijengwa kwa ajili ya picha hizo. Ukweli ni kwamba ukiweka kuba juu ya matao, nafasi hizo hutokea zenyewe, utake usitake.

Dawa ya mtego huo ni kuilazimisha "ili" iweze kushindwa. Tazama pundamilia, ambaye kwa Kiswahili tumemaliza habari yake kwenye jina. Milia ni ya nini? Kujificha, kumchanganya simba, kutambuana, kupoza mwili: kila moja imewahi kuwa na wakili wake, tangu Darwin na Wallace walipotofautiana juu yake. Tim Caro, aliyefanya utafiti Tanzania kwa miaka mingi, na wenzake walichapisha jaribio mwaka 2019 kule Uingereza. Waliwavalisha farasi wa kawaida vazi jeusi, kisha jeupe, kisha lenye milia, wakahesabu nzi wanaouma. Nzi walitua mara chache zaidi kwenye vazi la milia. Lakini kichwani, ambako vazi halikufika, walitua sawasawa bila kujali farasi amevaa nini. Kile kichwa kilicho wazi ndicho ninachokipenda. Kama nzi wangepungua na kichwani, tungesema labda farasi yule hawavutii, au siku ile kulikuwa na upepo. Allison naye alifanya vivyo hivyo: kama watoto wa Kampala wenye AS wangekutwa na vimelea sawa na wenzao, "ili" yake ingeanguka mbele ya macho yake.

Kwa hiyo ubaoni ningeandika hivi: "Jeni ya S imeenea hapa kwa sababu, kwa vizazi vingi, waliobeba moja walipona malaria kuliko wasiobeba." Ukishaiandika mara moja, ukateleza ukasema "ili" dakika kumi baadaye, hakuna kilichoharibika, kwa kuwa darasa linajua umefupisha nini. Na kwa binti: "Wewe umepata mbili. Hakuna aliyekupangia, na maumivu yako hayamkingi mtu mwingine. Iliyokufikisha hapa ni bahati nasibu ya wazazi wawili ambao kila mmoja alikuwa na moja." Yeye ndiye aliyeuliza kwa ukali, atastahimili jibu lililonyooka.

Umeuliza kama malaria ikiisha, selimundu itaisha. Tumia kijiji chetu. Ondoa malaria kesho asubuhi, S ibaki bila faida yoyote, na wenye SS wasiache mtoto hata mmoja. Hata kwa ukatili huo wote, S itahitaji karibu vizazi 8 kushuka kutoka asilimia 13 hadi nusu yake, yaani miaka 200 hivi, kwa sababu sehemu kubwa ya S imejificha kwa wenye AS ambao hawaumwi. Marekani ilikwisha kutokomeza malaria katikati ya karne iliyopita, na bado mtoto mmoja kati ya 13 wa Wamarekani weusi anazaliwa na AS. Na ukatili ule haupo tena: watoto wenye SS wanaopimwa mapema, wakapata dawa na kliniki, wanakua, wanaoa, wanaolewa, wanazaa. Mwanafunzi wako ameshafika kidato cha nne. Kila anayefika hapo anaifanya hesabu yetu ya ubaoni iende polepole zaidi, na hiyo ni hesabu ambayo ningependa ikosewe.